Kabla hujanunua mashine ya kukatia nyasi ya kukalia, pima geti

Wateja wengi wanaofika karakana kwetu hapa Arusha huanza na swali la nguvu: injini hii ina farasi wangapi? Nasi huwauliza, njia ya kuingilia bustanini ina upana gani?

Kuna mzee mmoja wa upande wa Usa River alituita tukamsaidie. Alikuwa ameshanunua mashine nzuri kabisa, ya mkato wa inchi 42, yaani sentimita 107. Pale kati ya ukuta wa nyumba na tangi la maji palikuwa na sentimita 98. Mashine mpya ikakaa uwanja wa mbele wiki nzima mpaka tangi likahamishwa. Na kumbuka, hizo inchi 42 ni za mkato tu. Ule mdomo wa kutemea nyasi unatokeza pembeni, kwa hiyo ulizia upana wa mashine nzima.

Kama eneo lako halifiki nusu eka, ya kusukuma inakutosha, na tutakwambia hivyo hata ukija na hela mkononi. Eka moja kwa mashine ya kusukuma ya inchi 21 ni zaidi ya saa mbili za kutembea, bado kupumzika na kumwaga kikapu. Ya inchi 42 huimaliza chini ya saa moja, mradi pawe wazi. Bustani zetu nyingi haziko wazi: kuna miparachichi, vitanda vya maua, mabomba ya kumwagilia. Ukiwa na miti mingi, chukua ndogo ya inchi 30. Utapiga mizunguko mingi zaidi, lakini hutaacha vichaka kila penye shina ukamalizie kwa fyekeo.

Suala la nguvu lenyewe lina siri yake. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Arusha mjini tuko kwenye mita 1,400 hivi. Mashine iliyokuwa ikikata vizuri Dar es Salaam itahema hapa, hasa kwenye nyasi za kikuyu zilizojisuka kama godoro baada ya mvua za masika. Kwa nyasi hizo ongeza nguvu kidogo kuliko anayekata ukoka, subiri zikauke, na usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja.

Mteremko ndio unaotutia wasiwasi kuliko yote. Watengenezaji wengi huweka mwisho kwenye nyuzi 15. Kupima ni rahisi: chukua ubao wa mita moja, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, ulaze usawa kwa pimamaji, kisha pima kutoka ncha ya pili hadi chini. Zikifika sentimita 27, hapo pasikatwe na mashine ya kukalia. Palipo chini ya hapo, dereva apande na kushuka moja kwa moja, asikate kwa ubavu. Zile za fimbo mbili zinazogeuka palepale ziliposimama ni tamu sana kwenye tambarare, ila sisi hatumuuzii mtu mwenye bustani ya kilimani.

Mlete pia atakayeiendesha. Mara nyingi anayelipa ni mwenye nyumba, lakini anayeikalia kila wiki ni mtunza bustani. Akae, akanyage breki, tuone kama miguu inafika.

Halafu mwonyeshe swichi iliyo chini ya kiti. Dereva akinyanyuka visu vikiwa vinazunguka, swichi hiyo huzima injini. Baadhi ya mafundi huiunganisha kwa kipande cha waya ili mashine isizimike ovyo kwenye matuta. Tumeshapokea mashine kadhaa zenye waya huo, na kila moja tumeung'oa kabla ya kugusa kitu kingine. Swichi ikisumbua, ilete tubadilishe. Ukitaka tuiache na waya, hatutaitengeneza.