Mama, kadi yako ya presha iko wapi?

Beira, Msumbiji
Juni 2024

Mama, shikamoo.

Salamu zikufikie wewe, shangazi, kaka na watoto wote hapo Ujiji. Mimi ni mzima, kazi inaendelea. Picha alizonitumia kaka zimeninyima usingizi: Ziwa Tanganyika limeingia Katonga hadi vyumbani mwa watu, na choo cha kina mjomba kimezama. Nyumba inaweza kungoja. Choo hakingoji, maana kilichokuwamo sasa kimo kwenye maji mnayochota.

Huku walipigwa na kimbunga Idai Machi 2019. Msumbiji peke yake walikufa watu zaidi ya 600, na wiki mbili hazijaisha kipindupindu kikatangazwa. Zilikuja helikopta, yakasimamishwa mahema ya matibabu, na mwezi Aprili watu zaidi ya 800,000 wakanyweshwa chanjo. Kazi ile iliokoa roho nyingi mno.

Ila mahema yaling'olewa, wakabaki wagonjwa wa presha, wa sukari na wanaotumia ARV, kadi zao zimesombwa na maji. Wengine hata jina la dawa hawakulijua. Yupo mama mmoja huja hapa kliniki, kadi ameifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuivaa shingoni mpaka leo, hata jua likiwa kali. Mama, yako iko wapi? Ifunge vivyo hivyo, na ya shangazi pia.

La kaka sasa, kwa vile yumo kwenye kamati ya mtaa. Wavuvi wa Praia Nova, mtaa wa hapa Beira ulio ufukweni kabisa, walihamishiwa Mandruzi, wilaya ya Dondo. Kule mawimbi hayafiki. Lakini mvuvi akitengwa na bahari watoto watakula nini? Wapo waliorudi ufukweni, na Januari 2021 Beira ikapigwa tena, na kimbunga Eloise. Watu huwaita wakaidi. Mimi sikubali hata kidogo. Waliopanga uhamisho ndio hawakuwauliza wanaishi kwa nini. Basi wakija kuwahamisha watu wa Katonga, kaka asiweke sahihi kabla hajajua zahanati iko wapi, mjamzito akishikwa na uchungu usiku atapita njia ipi, na mwalo uko umbali gani. Dagaa hawavuliwi mlimani.

Maji chemsheni yote, hata ya kusukutulia. Mtoto akiharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi, anyweshwe kidogo kidogo huku mnampeleka zahanati. Msimngoje baba yake arudi kutoka ziwani.

Pesa nimetuma kwenye simu ya kaka, ya turubai na madumu mawili yenye mifuniko. Anijibu kabla ya Ijumaa kuhusu kile choo. Kikihitaji chokaa nitaongeza.

Mwanao