Ada Iliyobadilisha Jina

Mombasa, Januari 2025

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, sisi hatujambo. Tarehe 25 Juni mwaka jana nilikupigia simu kukukataza usitoke kwenda kwenye maandamano ya kupinga kodi mpya za Mswada wa Fedha, ukanijibu kwa adabu kwamba mmekwisha kufika katikati ya Nairobi. Jioni tulipoona moshi Bungeni na kusikia kwamba vijana wamepigwa risasi, mimi na mama yako hatukulala.

Katika barua yako umeandika kwamba mlishinda, na ni kweli kuwa Rais alikataa kuutia saini Mswada wa Fedha siku iliyofuata, ingawa wabunge 195 walikuwa wameupitisha. Neno hilo la kushinda limenikumbusha Desemba 1989, nilipokuwa karani wa mapokezi katika hospitali moja ya serikali, wakati wagonjwa walipoanza kutozwa ada kwa kuwa wakopeshaji wa nje walitaka matumizi ya serikali yapunguzwe. Mabenchi yaliyokuwa yakijaa tangu alfajiri yalibaki na watu wachache, na sijui wengine walikwenda kufia wapi. Septemba 1990 ada hiyo iliondolewa kwa wagonjwa wasiolazwa, tukashangilia. Mwaka 1992 ikarudi, safari hii ikiitwa ada ya matibabu badala ya ada ya kujiandikisha. Risiti za zote mbili niliziandika kwa mkono huu.

Madeni ya serikali yaliyouzaa mswada ule, likiwemo lile la dola bilioni 2 la mwaka 2014 lililofika muda wa kulipwa Juni hiyo hiyo, hayakufutwa na maandamano wala na saini iliyokosekana. Desemba iliyopita sheria ya kurekebisha kodi ilitiwa saini, na ushuru wa reli kwa bidhaa zinazoagizwa kutoka nje ukapanda kutoka asilimia 1.5 hadi 2. Hapa kwetu penye bandari, wauza duka niliowauliza hawakuwa na habari.

Mswada wa Juni mliusoma kifungu kwa kifungu, mkawaeleza wazee kwa lugha za nyumbani, jambo ambalo sisi, pamoja na kelele zetu zote, hatukulifanya. Je, huu wa Desemba uliusoma? Ukija Idi niletee nakala yake, iliyopigwa chapa kwa herufi kubwa, kwani miwani yangu imepasuka.

Ni mimi baba yako.