Mwanangu, stetasi zako naziona ila wewe sikuoni

Mwanangu,

Hii naiandika kwenye noti za simu alafu ndo ntaikopi nikutumie, maana nikiandikia kule kule kwenye chati utaona "anaandika..." nusu saa nzima na navyokujua utaanza kulia ukidhani kuna msiba. Hakuna msiba. Mama yako mzima, wadogo zako wazima, na mi mzima, au tuseme mzima kiasi, ntafika hapo.

Juzi nimekutana na yule kijana mliyesoma wote, kanishikia mkono vizuri kabisa akasema "mzee pole bwana, ila atapata tu nyingine." Nikaitikia ahsante mwanangu. Nimetembea hatua kama kumi ndo nikasimama, nyingine nini? Nikarudi kumfata, nikamchimba taratibu kama mtu anayejua tayari, kumbe umeachishwa kazi toka mwezi wa tatu. Na uliandika kabisa, uliandika maneno marefu ya kutoka moyoni kule mnakokaa na wenzio, watu chungu nzima wakakupa pole, na yeye mwenyewe alikomenti. Mi baba yako naangalia stetasi zako kila asubuhi kabla hata sijanawa uso na sikuwa na habari. Mi niliona maua. Niliona mko kwenye gari mnacheka. Niliona ile ya jua linazama uliyoandika "shukrani kwa kila kitu" nikaweka kopa jekundu nikaenda zangu kazini nikijua mwanangu anakula maisha.

Sijakasirika. Yani nilikasirika siku mbili, mama yako shahidi, ila imeisha. Kilichoniuma zaidi ni yule kijana aliponionyesha kwamba mtu anaweza kuposti stetasi alafu akachagua nani aione na nani asiione. Kumbe kwenye simu yako kuna mahali umekaa ukashusha majina, ukafika kwenye "Baba", ukagusa. Nimeifikiria sana hiyo sekunde moja ya kugusa. Sijui ulisita au hukusita.

Sasa na mi nikwambie la kwangu, ukinikasirikia na we jipe siku mbili.

Mwezi wa tano nililazwa. Presha ilipanda usiku, kichwa kinagonga kama kuna mtu ndani anataka kutoka, wakaniweka siku mbili. Nikamwambia mama yako mtoto asiambiwe, yuko mbali, atafanya nini zaidi ya kukosa usingizi. Siku ya pili asubuhi nikawaza, huyu nae kila siku anaona stetasi yangu, nisipoweka kitu atashtuka. Nikatafuta picha ya zamani, ile nimevaa shati la bluu nimesimama na ba'mdogo wako tunacheka, nikaiweka. Haikupita dakika tano simu ikatetema juu ya shuka, jina lako, kopa. Wakati huo nesi ananifunga ule mkanda wa mashine mkononi, nikatabasamu, akaniambia mzee tulia, inapanda.

Kwaiyo ndo tulivyokuwa mi na wewe. We huna kazi unaniwekea maua, mi nimelazwa nakuwekea shati la bluu, na kila mtu anamtumia mwenzie kopa. Ukituangalia kwa nje baba na binti wanapendana kweli, hawapitishi siku.

Na unajua nani alikuwa anajua kwamba naumwa? Watu nisiowajua! Niko kwenye grupu moja la wenye presha, sura zao sijawahi kuziona, wengine hata majina yao ya kweli sina, na mule ndani nasema kila kitu. Nimeandika kwamba naogopa kulala. Nimeandika kwamba kuna siku nilikaa chooni nikalia, mwanamme mzima, mama yako hajui, sasa we ndo unajua. Kuna mama mmoja mule nikamwambia kikohozi kikavu hakiniachi miezi miwili, nimekunywa madawa ya kikohozi mpaka basi, akaniuliza dawa gani ya presha unatumia, nikamtajia, akasema ziko dawa za presha zinazoleta hicho kikohozi, usiiache mwenyewe ila kamwambie daktari. Nimeenda, daktari kasema ni kweli hilo kundi la dawa huwa linakohoza watu, kanibadilishia, kikohozi kikaisha. Huyo mama simjui yuko wapi. Leo hii namuombea kuliko ndugu zangu wengine.

Ulipokuwa chuo uliwahi kunisomea kitu kama hiki kwenye simu, unakumbuka? Yule mwanasosholojia wa Marekani, Granovetter, na andiko lake la mwaka 1973, kwamba mtu anayekufahamu kwa mbali ndo mara nyingi anakuletea taarifa ya maana, ya kazi na nini, kwasababu wa karibu yako wanajua yale yale unayojua wewe. Nikakwambia hayo maneno hata babu yako aliyajua bila kusoma. Na yule mwingine wa Uingereza, Robin Dunbar, wa watu 150, kwamba kichwa cha binadamu mwisho wake kubeba mahusiano ya watu kama 150 hivi na wa ndani kabisa hawazidi watano. Nilikucheka nikasema mi kwenye simu nina majina 900. Basi nikiwa pale kitandani nikawa nayapitia hayo 900, nikayahesabu ambayo naweza kuyapigia usiku wa manane bila kuanza na "samahani kwa usumbufu". Nikapata manne. Na we ulikuwemo, na sikukupigia.

Hapo ndo najiuliza sana. Mbona wale wasionijua nawapa ukweli na we nakupa picha? Nadhani ni hivi, sijui kama nitaeleza vizuri. Yule wa mbali nikimwambia naumwa hakuna kinachobadilika, kesho anaweza kunisahau na sitoumia. We nikikwambia, kuna kitu kinabadilika, utaanza kuniuliza kila siku, utaniangalia kama mzee. Ukweli kwa mtu wa mbali hauna gharama. Zamani pia watu walikuwa wanamsimulia jirani wa kwenye basi mambo ambayo mke hajui, ila basi linafika mnashuka mnaachana, sa hivi lile basi halifiki, unakaa humo humo mwaka mzima unamwaga moyo, ukirudi kwa watu wako umeshapoa, huna tena hamu ya kusema. Unawawekea maua.

Mi na mama yako tuliandikiana barua mwaka mzima na nusu kabla hatujaoana. Barua inachukua wiki mbili, nyingine tatu, nyingine haifiki kabisa. Sikwambii hivyo ili kusema zamani kulikuwa kuzuri, kulikuwa kunachosha, kuna barua aliniuliza swali nikamjibu akawa ameshasahau aliuliza nini. Ila kuchelewa kwa jibu kulikuwa hakuna maana yoyote. Jibu likichelewa unalaumu posta. Sasa mwaka 2014 WhatsApp wakatuletea zile tiki za bluu na posta ya kulaumu ikafa siku hiyo hiyo. Sasa hivi najua umesoma. Najua umesoma saa mbili na dakika kumi na nne, na saa tatu uko onlaini, na hujanijibu, basi kichwa kinaanza kazi, nimemkosea nini, au yuko na mtu, au ananidharau. Kumbe ulikuwa unafungua mlango tu ukasema ntamjibu baadae. Tumepewa habari nyingi kuhusu vidole vya mtu, lini kagusa, lini kaacha, ila moyo wake tunaubuni wenyewe.

Ile kitu kati yangu na ba'mdogo wako ilianzia hapo, sijawahi kukusimulia vizuri. Bibi yako alivyozidiwa niliandika kwenye grupu la familia ujumbe mrefu, naomba mtu aje tupokezane kumlinda, sijalala siku tatu. Wengine wakaandika maneno. Ba'mdogo wako akaweka dole gumba. Dole! Mwanangu nilitetemeka. Hata lile dole lenyewe lina miaka mingapi, kitufe cha laiki Facebook walikileta mwaka 2009, kabla ya hapo ukitaka kumwambia mtu kitu ilikuwa lazima utafute neno, hata kama ni baya. Nikamjibu pale pale mbele ya watu arobaini na tatu, nikafukua hadi mambo ya shamba na ya ada niliyomlipia. Saa sita usiku akagonga mlango ana begi mgongoni. Alikuwa ameshapanda basi wakati naandika, dole lilikuwa na maana "nimekupata, niko njiani", na njiani mtandao ulikata, hakuona nilichoandika hadi anashuka. Alivyoingia hakunisalimia, akaenda moja kwa moja kwa bibi yako akakaa.

Tungekuwa wawili tu tungemaliza usiku ule. Sasa kuna watu 43 wamesoma, kuna aliyepiga skrini shoti akaipeleka upande wa pili wa ukoo, kuna aliyeweka emoji ya kucheka alafu akafuta. Mtu akikutukana chumbani anaweza kuomba radhi chumbani. Nikimuomba radhi faragha, wale 43 wanabaki na tusi. Nikiomba mbele yao, yeye anaona nataka sifa. Imetuchukua miezi mitano, na hata tulivyopatana hatukuongelea, alinipigia tu akaniuliza betri ya gari inakaa muda gani, tukaongea betri dakika arobaini.

Shangazi yako nae, huyo hatukugombana kabisa, ametoweka tu. Mwaka jana nimeshtuka, mbona siku hizi haposti? Nikaingia kwenye ukurasa wake nikakuta anaposti kila siku, mtoto kamaliza shule, kahama nyumba, kanyoa nywele. Ila ile algorithimu, yani mashine inayochagua nani nimuone, iliona kwamba picha zake huwa nazipita bila kulaiki, ikaamua sina haja nae, ikaacha kuniletea. Yani mashine ilinichagulia dada wa kumsahau na mi nikatii bila hata kujua nimeamriwa.

Sikwambii ufunge akaunti, usije ukasema mzee kaanza. Kazi utaipata huko huko mtandaoni, kwa mtu unayemfahamu nusu nusu, na wale waliokupa pole usiwadharau, wengi walimaanisha. Na lile la kunificha stetasi wala usilibadilishe, mtu mzima ana haki ya kuwa na sehemu ambayo baba yake haingii, hata mi enzi zangu nilikuwa nayo, tofauti ni kwamba yangu haikuwa na kitufe.

Ila kuna siku moja nataka nikukumbushe. Tarehe 4 mwezi wa kumi 2021, Jumatatu, siku WhatsApp na Facebook na Instagram zilizima zote kwa pamoja dunia nzima, karibu masaa sita. We ulinipigia jioni, simu ya kawaida, ya sauti, cha kwanza ukaniuliza "baba kwako WhatsApp inafanya kazi?" Nikasema ngoja nicheki. Haifanyi. Ukasema haya. Kawaida hapo ndo ungekata, ila ulikuwa huna pa kwenda na mi sina pa kwenda, ukasema tu "ehee, na nyie mnaendeleaje?" Nilisimama dirishani maana ndo penye mtandao mzuri, mguu mmoja nimeuegemeza ukutani, mpaka sikio likapata moto nikabadilisha upande. Ulinihadithia mwenzio wa chumbani anayeongea usingizini, uliigiza na sauti yake, mama yako akatoka chumbani kuuliza nacheka na nani. Kuna mahali ulinyamaza, kama dakika hivi, wala hukukata. Alafu ukaniambia ule mwaka wa kwanza ulitaka kuacha chuo. Sikuwahi kujua. Nikamaliza kukusikiliza giza limeshaingia sijawasha taa.

Ule ukimya ndo naukumbuka kuliko hata maneno. Kwenye chati ungenyamaza vile ningejua umeweka simu chini.

Jumamosi hii kuanzia saa kumi na mbili jioni nazima data. Simu yenyewe haizimwi, namba ni ile ile, na ntakuwa pale pale dirishani. Ukishapata nafasi piga, au nipige mi, sijui tunafanyaje, mi ntasema ya presha we utasema ya kazi, nani aanze tutajua hapo hapo.

Baba yako.

Na hii usinijibu kwa kopa.