Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Gurudumu Tulilolibeba Hadi Ofisini

Ndugu wanachama,

Ya kawaida nitayapitia haraka. Mwaka wa 2024 karakana yetu ya viti vya magurudumu hapa Manyatta, Kisumu, haikufungwa hata wiki moja, ingawa wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei wateja wa Nyando na Ahero hawakuweza kutufikia. Kodi ya nyumba haijapanda. Hesabu atawasomea mweka hazina, na tafadhali muulizeni yeye, msiniulize mimi.

Ninalotaka kulizungumza kwa urefu ni habari ya makampuni. Tuliingia ofisi mbili mwaka huu kuomba ushirikiano. Ya kwanza tulitoka mikono mitupu, ya pili tukatoka na mkataba wa mwaka mmoja. Wengine mmenong'ona kwamba kuna mtu wetu ndani. Hakuna.

Ile ya kwanza ilikuwa Machi. Tulipewa dakika kumi na tano, na mimi nikala kumi na mbili nikisimulia chama kilivyoanza chini ya mwembe. Lawama hiyo ni yangu. Kisha mama mmoja, mpole sana, akauliza, "Kutengeneza kiti kimoja kunawagharimu pesa ngapi?" Nikataja bei ya tairi na tyubu. Katibu akaongeza nauli ya fundi. Mweka hazina akafungua daftari akaanza kujumlisha palepale mezani. Swali moja, majibu matatu. Nilimwona yule mama akiifunika kalamu yake, nikajua tumekwisha. Barua ya kutukataa ilikuwa na mistari minne na heshima tele.

Tuliporudi tulikasirika kwanza, kama ilivyo ada, kisha tukaanza kujiuliza. Tulikuwa tumepeleka shida zetu, na shida wanaletewa kila siku. Kila anayekaa kwenye kile kiti cha mgeni ana watoto wanaoteseka. Walichotaka kujua ni kwa nini waje wao na si kampuni ya jirani, wafanyakazi wao watashika kazi gani, na mwisho wa mwaka watatumia kipimo gani kujua kuwa pesa zao zilifanya kitu. Hatukuwa na jibu hata la moja.

Jambo jingine ni kwamba pesa za kampuni hazikai mfuko mmoja. Kuna wakfu, kama ule wa Safaricom ulioanzishwa 2003, nao una fomu zake na mambo uliyojichagulia kufadhili. Kuna fungu la matangazo, ambalo mwenyewe anataka jina la kampuni lionekane na watu. Kuna michango ya wafanyakazi wenyewe. Ukimpelekea mtu wa matangazo maneno ya wakfu, atakusikiliza kwa adabu na kukusindikiza mlangoni. Halafu kuna majira. Benki zetu hufunga mwaka tarehe 31 Desemba, Safaricom 31 Machi. Anayebisha hodi baada ya bajeti kupitishwa anabaki kuokota makombo. Ndiyo maana safari hii tulienda Septemba, kwa kampuni tuliyokuwa tumeuliza mapema inafunga lini.

Ni kampuni ya malori. Tuliichagua kwa sababu ina gereji, na ugonjwa mkubwa wa viti vyetu ni beringi. Ule udongo mweusi wa Kano ukilowa unaingia kwenye magurudumu madogo ya mbele, unakauka humo, na mtoto anabaki kusukumwa kama mkokoteni wa soko la Kibuye. Fundi wetu mkuu alikuja na gurudumu kwenye mfuko wa plastiki. Hakuhutubu. Aliliweka mezani juu ya gazeti, akamwambia mkurugenzi alizungushe kwa kidole. Lilikwaruza, likagoma nusu ya mzunguko. Akatoa la pili, lililooshwa na kutiwa beringi mpya na grisi. Lilizunguka muda mrefu kiasi kwamba mkuu wa gereji yao alicheka, akasema, "Hii kazi vijana wangu wanaiweza." Kuanzia hapo mazungumzo hayakuwa yetu tena, walikuwa wakipangana wenyewe. Sisi tulibaki na karatasi moja tu: gharama ya kiti kimoja, ileile iliyokaririwa na sote watatu, hata njiani ndani ya matatu tulikuwa tukiulizana.

Wakili wao hakucheka. Aliuliza tumesajiliwa chini ya sheria ipi, nasi tukamwonyesha cheti cha Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Akaeleza kwamba cheti hicho peke yake hakiifanyi kampuni ipate nafuu ya kodi kwa mchango wake, kwa kuwa KRA, mamlaka ya kodi, huangalia kama anayepokea ana msamaha wa kodi. Kwa hiyo hawakutoa mchango. Wanalipia vipuri, na makanika wao wanakuja karakana Jumamosi moja kila mwezi. Baadhi yenu mlitaka fedha taslimu mkaniona mzembe. Mimi naona bora makanika wanne wanaorudi kuliko hundi kubwa ya kupigiwa picha.

Kuhusu picha, hapo tulivutana. Walitaka za watoto kwa ajili ya kalenda yao. Tuliwakumbusha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: ya mtoto huchukui bila idhini ya mzazi au mlezi. Wazazi watatu walikubali, wengine walikataa, na kalenda ikatoka na picha ya magurudumu. Imependeza, kusema kweli.

Mkataba unaisha Septemba. Daftari la viti vilivyotengenezwa lina mapengo ya Novemba nzima, na hilo ndilo wataliomba kwanza tukirudi. Aliyekuwa zamu anajijua, namwomba alijaze kabla ya mkutano wakati risiti bado zipo kwenye kopo. Kampuni pia imeomba kupaka mlango wetu rangi zake, upande mmoja tu. Sikuwajibu. Tutapiga kura Jumamosi saa nne asubuhi, karakanani, na atakayechelewa asije kulalamikia rangi.