Koku, angalia nyuma ya kabati

Tanga

Shoga yangu Koku,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Watoto hawajambo, baba yao hajambo, masika yameanza na barabara ya sokoni haipitiki. Barua yako niliipokea Jumanne, nikaisoma nimesimama mlangoni hata mkoba sijautua. Umelazwa mara mbili tangu Januari, kila ukitoka unaongezewa vidonge vya prednisolone vya kutuliza kifua, uso umejaa mpaka wanafunzi wanakuuliza, na ukipunguza vidonge tu pumu inarudi. Nililia, Koku. Yote uliyoandika nimeyapitia.

Nina swali moja, na usinijibu harakaharaka. Chumba unacholala kina unyevu?

Mimi sikuulizwa hilo kwa miaka sita. Mwanzo waliniambia sijui kuvuta dawa. Hilo lilistahili kuangaliwa kwanza, na wewe pia muombe nesi akutazame ukivuta. Lakini mimi nilikuwa navuta asubuhi na jioni, kwa kopo la kuvutia kama nilivyofundishwa, na bado saa tisa za usiku nilikuwa dirishani nikitafuta hewa. Kisha picha ya kifua ikaonyesha vivuli, nikaanzishwa dawa za kifua kikuu. Nilizimeza miezi sita, na makohozi yangu hayakuwahi kuonyesha kimelea hata mara moja. Bado naumia nikikumbuka, ingawa nimeshaelewa ilivyokuwa. Huku kwetu TB ni nyingi, na kwenye picha vivuli vinavyoletwa na ukungu, yaani fangasi wa mahali penye unyevu, vinaweza kufanana nayo.

Aliyenifungua macho ni daktari mmoja wa kifua Dar, mama wa makamo. Hakuanza na kifua changu, alianza na nyumba yangu. Kuta za nini? Zinatoa jasho? Nguo za zamani mnaziweka wapi? Nikamwambia habari ya sanduku la marehemu mama. Unalikumbuka, lile la mninga, ulililalia kichwa tulipokuja likizo kutoka chuoni Korogwe. Tangu mama afariki nilikuwa nikilifungua kila Ijumaa, natoa kanga zake moja moja na kuzinusa. Zilikuwa na uvundo kidogo, na chini yake harufu yake mwenyewe, ya udi na mafuta ya nazi. Usiku wake lazima nibanwe. Nilidhani ni majonzi. Watu wote nyumbani walidhani ni majonzi.

Akaniuliza kama nilishawahi kukohoa kitu kigumu. Nilikuwa nimewahi, nikaona haya kumwambia mtu. Asubuhi moja kilinitoka kipande cha kohozi cha rangi ya kahawia, kigumu kama mpira, na kilikuwa na matawi kama kamzizi ka mhogo. Daktari alisema ndivyo njia zangu za hewa zilivyo kwa ndani, lile kohozi lilikuwa limezijaza na kuchukua umbo lake.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Wanakudondoshea matone mkononi, kila tone na kitu chake kinacholeta mzio, wanachoma juujuu na kasindano, mnasubiri robo saa. Tone la vumbi la nyumbani lilivimba kidogo. La ukungu lilipanda kama nimeng'atwa na nyigu. (Ukienda, uliza mapema siku ngapi kabla uache setirizini na vidonge vingine vya aleji, maana vinaficha majibu.) Damu nayo ikapimwa IgE, kinga ya mwili inayopanda mtu akiwa na mzio, na ya kwangu ilikuwa juu sana, ikazidi 1,000. Ukungu wenyewe aliniandikia kwenye karatasi, nawe uuandike uende nao: Aspergillus fumigatus.

Nakueleza kama alivyonieleza. Ukungu huo unaota kwenye kila kitu kinachooza na kila kitu kinyevu, na mbegu zake ni ndogo kiasi kwamba unaweza kupanga zaidi ya 20 kukatiza upana wa unywele mmoja. Kwa hiyo hazikwami puani, zinashuka hadi chini kabisa ya mapafu. Sote tunazivuta kila siku na wengi hazituletei neno. Ila mwenye mzio, mwili wake unazipiga vita, na njia za hewa zinavimba. Kwa baadhi yetu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ukungu huu unastahimili joto la mwili, nyuzi 37, basi unaota ndani ya makohozi na kukaa. Hapo dawa ya kuvuta, hata iwe nzuri vipi, inazima moto ambao kuni zake zinaongezwa kila usiku. Ugonjwa huo wa pili wanauita ABPA, na madaktari wa Uingereza waliueleza tangu 1952. Ukiachwa muda mrefu, njia za hewa zinatanuka na hazirudi. Hilo ndilo linalonitia hofu juu yako.

Nikamuuliza kuhusu dawa. Ya kwangu ilikuwa prednisolone pamoja na itraconazole, dawa ya fangasi, kwa miezi kadhaa. Si ya kila mwenye pumu. Mwaka 2009 daktari David Denning na wenzake wa Manchester walitoa matokeo ya wagonjwa 58 wenye pumu kali na mzio wa fangasi. Katika waliomeza itraconazole wiki 32, kama sita kati ya kila kumi walipata nafuu ya kweli, na wengine hawakupata. Kwangu ilifanya kazi. Wiki ya saba nililala usiku kucha, mume wangu akaamka kunigusa aone kama napumua. Lakini shoga, usinunue duka la dawa kwa kusikia kwangu. Inataka ini lipimwe, vidonge vyake vya kapsuli vinataka chakula tumboni, omeprazole, ile dawa ya asidi ya tumbo, inavizuia visiingie mwilini, na ikikutana na baadhi ya dawa za kuvuta, kama budesonide na fluticasone, inazipandisha mwilini kupita kiasi. Mpelekee daktari orodha ya kila unachomeza na unachovuta. Na dawa yako ya kuvuta usiiache hata siku moja.

Nyumba ilitugharimu zaidi ya dawa. Kuta zetu za mawe ya matumbawe fundi alikuwa amezipiga saruji na rangi ya mafuta, maji yakafungiwa ndani. Tulibandua yote tukarudi kwenye chokaa, ukuta ukaanza kupumua. Nyuma ya kabati palikuwa peusi, upana wa mkeka. Mimi sikuruhusiwa kuingia siku ile. Walipangusa kwa kitambaa kibichi chenye sabuni, kwa sababu ukisugua pakavu zile mbegu zinaruka. Kupaka rangi juu yake hakusaidii.

Sasa nafikiria Bukoba. Mvua yenu ni karibu mwaka mzima. Uliniandikia shemeji anaweka magunia ya kahawa chumba cha pili, na mama mkwe bado anapenda nyasi zitandazwe sakafuni. Na kibanjani, Koku, Jumamosi zako zote uko chini ya migomba unafukua matandazo yaliyooza. Ukungu huu hapo ndipo kwao. Najua mwanamke asiyeingia kibanjani atasemwa. Mwambie mama kwa upole, mwambie ni agizo la daktari, nami nitampigia simu nimsihi mwenyewe. Magunia yahamie stoo ya nje. Matandazo wageuze vijana.

Inawezekana si ukungu. Pumu ngumu ina sababu nyingi, na ndiyo maana nataka upimwe badala ya kuniamini mimi. Nauli ya kuja Dar tutachangia, nimeshaongea na mume wangu, na utafikia kwa dada yangu Temeke.

Kanga za mama nilizifua kwa maji ya moto, zikakaa juani siku tatu. Uvundo ulitoka, na harufu yake ikatoka pia. Nimekufungia moja, ile nyekundu uliyokuwa ukiitamani. Ijifunge bila wasiwasi, ni safi.

Leo usiku mwambie shemeji asogeze kabati na ainue godoro. Wewe kaa nje. Kisha niandikie alichokiona.

Wako,
Mwanahamisi