Barua ya wazi kwa vijana mlioniletea daftari la nyumba

Wanangu na wajukuu zangu,

Assalaam alaykum. Siku ile mliondoka barazani kwangu mmenuna, na yule binti aliyeshika kalamu hata kahawa yake hakuimaliza. Mlikuja na daftari la nyumba za mawe za hapa Bagamoyo, kurasa nne, mkaniomba niweke alama: hii ibaki, hii iachwe. Nikakataa. Mkasema njiani kwamba mzee ana kisirani. Kisirani ninacho, lakini siku ile sababu ilikuwa nyingine, na kwa kuwa mlikuja wengi nawajibu kwa barua moja.

Sababu ni ukuta.

Zamani kidogo, nilipokuwa bado napanda jukwaa la ujenzi, mwenye nyumba mmoja karibu na pwani aliletewa fedha na mwanawe aliyekuwa Maskati. Akanipa kazi ya kuifufua nyumba ya babu yake. Lipu ya zamani ilikuwa inamung'unyika. Ukipitisha mkono, unga mweupe unabaki kiganjani. Mimi nikajiona fundi wa kisasa. Nikabandua chokaa yote mpaka kwenye mawe, nikapiga saruji, nikaisugua hadi ikang'aa kama sahani. Watu walikuja kutazama, nami nikasimama pale na mwiko wangu kama bwana harusi.

Masika ya kwanza ikapita salama. Masika ya pili kuta zikaanza kutoa jasho ndani, chumvi ikachanua kama ukungu wa mkate. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi. Hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhi, kisha huyatoa polepole kupitia chokaa. Mimi nilikuwa nimeyafungia maji ndani. Boriti za mikoko zikaoza vichwa pale zinapoingia ukutani, dari ikashuka, na siku lipu yangu ilipobanduka iliondoka na uso wa mawe. Leo pale pana gofu, mti umeota sebuleni. Nyumba hiyo imo kwenye daftari lenu, ukurasa wa pili, mmeandika "imeachwa bila matunzo". Haikuachwa. Ilitunzwa na mimi.

Ule unga wa kiganjani ndio niliokuwa sijauelewa. Chokaa hujimaliza ili jiwe lisimalizike, ndiyo maana wazee waliipaka upya kila baada ya muda bila kuona ni msiba. Boriti nazo zilibadilishwa, paa likabadilishwa, mlango ukahamishwa kutoka nyumba ya kaka kwenda ya dada. Mnaponiuliza ipi bado ni ya asili nashindwa kujibu, maana hizo zilizosimama zimesimama kwa sababu kuna mtu hakuacha kuzigusa.

Serikali nayo ilikutana na taabu hii. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ikachora mstari: jengo la kabla ya 1863 linalindwa kwa umri wake tu, la baadaye lisubiri kutangazwa. Kwa milango ya nakshi mstari ni 1940. Siilaumu, sheria lazima ikate mahali. Lakini kwa mstari huo magofu ya Kaole, ya karne nyingi zilizopita, yako upande mmoja na Boma la Wajerumani la 1897 upande wa pili, na mlango uliochongwa 1939 una hadhi ambayo ndugu yake wa 1941, fundi yuleyule, patasi ileile, hana. Miaka ni rahisi kuhesabu, basi.

Mimi huuliza hivi: kitu hiki kikipotea, nani ataweza kukifanya tena? Mfaa wa mlango, ule mti wa katikati, ukioza na mchongaji yupo, tuna mlango. Mchongaji akifa na mlango upo, tuna ubao wa kupigia picha. Sasa lifungueni daftari lenu. Hamna mtu hata mmoja ndani yake. Hamna fundi anayejua chokaa ikishazimwa kwa maji ikae shimoni muda gani, na jinsi mwiko unavyoteleza inapokuwa tayari. Hamna bibi wa kuwaambia kwa nini vyumba vile ni vyembamba. Mnadhani wazee walipenda kubanana? Chumba kilipimwa kwa boriti, na mkoko haukupi zaidi ya karibu mita tatu. Msitu ndio uliochora nyumba.

Hapo mtanibana, na mna haki. Nilipofundishwa kazi tulipanga magogo duara, tukaweka matumbawe juu, tukawasha moto ukawaka usiku kucha mpaka yakawa chokaa. Mengine tuliyatoa baharini yakiwa hai. Boriti zilikatwa kwenye mikoko. Leo mambo hayo yana mipaka yake, na ni sawa yawe nayo; samaki wa soko letu wanakulia kwenye matumbawe na mikoko hiyohiyo. Sitaki mjukuu wangu auchome mwamba wa samaki ili nyumba ya marehemu fulani ipendeze machoni pa wageni. Chokaa ya mawe ya nchi kavu ipo, inakuja kwa magunia kutoka Tanga. Kuizima na kuipaka, jifunzeni. Kuchoma tumbawe pwani, niulizeni, andikeni, kisha kazi hiyo iishie kwenye karatasi. Nasema hivi na ilikuwa kazi ya baba yangu.

Jingine: angalieni aliyeshika kalamu ni nani. Mnara wa kanisa kule Misheni wote mnaujua, pale ulipolazwa mwili wa Livingstone, yule mmisionari na msafiri Mskoti, Februari 1874. Tunaujua kwa sababu mapadre walikuwapo na waliandika. Waliobeba mwili ule karibu miezi tisa kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, tunawataja Susi na Chuma, mara chache na Wainwright, basi. Na wapagazi maelfu walioteremka na pembe za ndovu, wengi wao Wanyamwezi, wakapiga kambi hapa kungoja mzigo wa kurudi nao bara, jiwe lao ni lipi? Wao waliacha viwanja vitupu, majivu, na majina mawili matatu ya mahali. Kiwanja kitupu hakina nakshi, kwa hiyo hakimo daftarini. Kiongezeni.

Nyumba za mirathi sitazisemea sana. Warithi thelathini, mmoja Mombasa, mmoja hasemi na mwenzake: hapo hakuna chokaa inayosaidia. Tena msimkemee mama anayetaka mabati kwa sababu mvua inamnyea kitandani.

Na zile zitakazoanguka, na nyingi zitaanguka, msizikimbie. Maiti hatumwachi barazani kwa kuwa tulimpenda. Tunamwosha, tunamkafini, tunamzika mchana watu wakiona. Nyumba nayo ipimwe kamba, ichorwe, vyumba viandikwe kwa majina vilivyoitwa na wenyewe, boriti nzima ziende kwa jirani mwenye dari bovu. Kisha iende. Kinachoniuma mimi ni ile inayoanguka usiku, asubuhi watu wanagombania mawe, na baada ya mwezi hakuna anayekumbuka ngazi ilikuwa upande gani.

Jumamosi baada ya Alasiri njooni tena. Nimechimba shimo nyuma ya nyumba na nimenunua magunia mawili. Leteni ndoo na miwani ya kukinga macho, maana chokaa ikitiwa maji inachemka na kurusha, na mwaka fulani ilinichoma kope hii ya kushoto. Daftari mlilete pia, lakini lisije karibu na shimo. Yule binti nimemwekea kahawa yake.

Wenu barazani,
Fundi mzee wa chokaa, Bagamoyo