Kabla hujanunua kengele ya kamera, tuache tupime geti lako kwanza

Wiki iliyopita mteja wetu mmoja wa Goba aliandika kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wao kwamba tumemfungia kengele mbovu na hela yake tumeshakula. Mtaa huohuo tuna wateja wengine wawili. Wote walitutumia ule ujumbe, na mmoja akauliza kama ni kweli. Imetuuma, maana kengele ile ni nzima. Tulikwenda tukaifungua getini mbele yake, tukaiweka mezani sebuleni, akabonyeza: simu ikaita hapohapo na sura yake ikatokea safi. Tukairudisha getini, akabonyeza tena, kimya. Ilipita kama dakika nzima ndipo ikaingia taarifa kwamba kuna mtu alikuwa nje.

Malalamiko ya aina hii tunayapata karibu kila mwezi, kwa hiyo tumeona tuyaeleze hapa kwa kirefu.

Geti la mteja huyo liko mita 30 hivi kutoka sebuleni. Ruta iko nyuma ya runinga, katikati kuna kuta mbili za tofali za saruji, na geti lenyewe ni la bati nene. Tulipokwenda mara ya kwanza alikuwa na kengele yake tayari, ndugu yake amemletea kutoka Dubai, akatuambia, "Fundi, wewe nifungie tu, mambo ya kupima achana nayo." Ada yetu ya kupima ni shilingi 40,000 kwa Dar es Salaam, na ukitupa kazi tunaikata kwenye bili. Hakutaka. Tulimweleza kwamba mtandao utamsumbua pale getini, akasema kwenye boksi wameandika inafika mbali. Tukafunga. Hapo na sisi tulikosea, tulitakiwa kuikataa kazi ile. Siku hizi tunazikataa.

Wengi wanadhani kupima ni kuja kuangalia nyumba na kuondoka na hela. Fundi wetu anasimama pale kengele itakapokaa, mita 1.2 hivi kutoka chini, anasoma nguvu ya mawimbi ya Wi-Fi geti likiwa wazi, halafu anaomba geti lifungwe na kusoma tena. Pale Goba, tuliporudi baada ya malalamiko, geti wazi tulipata -71. Lilipofungwa, ikashuka hadi -84. Namba hizi zina alama ya kutoa, kwa hiyo inayokaribia sifuri ndiyo nzuri. Sisi kengele ya Wi-Fi tunaifunga ikiwa tumepata -65 au bora zaidi, geti likiwa limefungwa, kwa sababu mgeni anapobonyeza kengele geti linakuwa limefungwa.

Tunapima pia kasi ya kupandisha. Kifurushi chako kinaweza kushusha filamu bila kukwama, lakini kengele inafanya kinyume, inapandisha picha kwenda mtandaoni muda wote unapoongea na mgeni. Nyingi zinataka kama megabiti 2 kwa sekunde, na ziwe za uhakika. Halafu nyingi zinatumia masafa ya mawimbi ya 2.4 GHz tu, ambayo kwa kuta zetu ni heri, yanapenya kuliko ya 5 GHz. Ruta mpya huyapa masafa yote mawili jina moja la Wi-Fi, kengele inagoma kuunganishwa, mteja anairudisha dukani akidhani ameuziwa feki. Tenganisha majina, itashika.

Njia ya mkato ambayo watu wanaipenda ni ekstenda ya bei rahisi, kile kifaa cha kuchomeka ukutani kinachorefusha Wi-Fi. Mama mmoja wa Mbezi alituita mara tatu kwa sababu kengele yake inafanya kazi usiku na asubuhi inakufa. Mara ya tatu tukakaa hadi saa nne asubuhi tuone wenyewe. Ekstenda ilikuwa jikoni, na dada alikuwa anaichomoa kila siku apate pa kuchomeka blenda. Mama wa watu alikuwa ameshalipa mafundi wengine wawili kabla yetu. Hata ikiachwa mahali pake, ekstenda ya namna hiyo inapokea na kurusha kwa masafa yaleyale, kwa hiyo kasi inayobaki getini inakuwa kama nusu.

Kama geti liko mbali, jibu letu ni kebo. Tunavuta kebo ya mtandao ya Cat6 kutoka ndani hadi getini, ndani ya bomba, chini ya ardhi, na kengele ya PoE inapata umeme na mtandao kwa kebo hiyo moja, hadi mita 100. Hapa ndipo bei yetu inapolalamikiwa, eti kufunga kunazidi kengele yenyewe. Ni kweli mara nyingi kunazidi. Kuna kuchimba mtaro, kukata zege la maegesho na kulirudishia, kutoboa ukuta na kupiga plasta upya mpaka mtu asijue tulipita wapi. Na kuna kebo yenyewe. Chukua kipande cha ile ya bei ya chini, menya, kwangua waya mmoja kwa wembe. Juu utaona rangi ya shaba, na ukikwangua kidogo tu inatokea nyeupe. Hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa mita 5 haikusumbui, kwa mita 40 umeme unapotea njiani, kengele inajizima na kujiwasha usiku taa zake za kuonea gizani zinapowaka. Yetu ukikwangua ni nyekundu hadi ndani, na tunamkwangulia kila mteja aone kabla hatujafukia.

Tuseme na la umeme kukatika, kwa sababu linawachanganya watu. Mtu ananunua kengele ya betri akiamini umeme ukienda yeye hana shida. Kengele kweli inabaki hai, ila ruta imezimika, na kile kiboksi cha faiba ukutani nacho kimezimika, kwa hiyo mgeni anabonyeza na taarifa haiendi popote. UPS ndogo, yaani betri ya akiba ya kushika ruta na kiboksi hicho, tunaiweka kwenye kila makadirio. Watu wanaikata kwanza, halafu LUKU ikiisha wanatupigia simu.

Betri nazo zina mambo yake. Tabata tulimkuta kijana ambaye betri yake iliyoandikwa miezi 6 haikumaliza wiki 2. Kengele ilikuwa inatazama barabara, na kila bodaboda ikipita kamera inaamka na kurekodi. Tulipunguza eneo la kutambua mwendo likabaki hatua chache mbele ya geti, ikakaa sawa. Geti lililo sentimita chache kutoka barabarani usiliwekee betri kabisa, vuta waya.

Kuhusu zinazotoka Marekani, tafadhali sana. Kengele za waya za kule zinatengenezwa kwa umeme wa volti 16 hadi 24, unaopitia kwenye transfoma. Nyumba nyingi hapa kitufe cha kengele ya zamani kimeungwa moja kwa moja kwenye 230. Mzee mmoja wa Upanga, mwanawe alimtumia kengele nzuri ya gharama, fundi wa mtaani akatoa kitufe cha zamani na kuunga nyaya zilezile. Tulipoipokea, plastiki ya nyuma ilikuwa imejikunja na bodi imeungua ikawa nyeusi kuzunguka pale nyaya zinapoingia, bado inanuka. Transfoma ya kuiokoa ingekuwa sehemu ndogo tu ya bei ya kengele ile. Mzee alituuliza kama tunaweza kuitengeneza asimwambie mwanawe. Hatukuweza.

Sasa chapa. Ukituuliza ipi nzuri, sisi tutakuuliza ndani una nini. Ring ni ya Amazon tangu 2018, na kama una Echo Show, skrini ya Amazon, sebuleni, mtu akibonyeza unamwona kwenye skrini hiyo. Kama una Nest Hub, skrini ya Google, chukua Nest Doorbell. Anayetaka kila kitu kiwe kwenye programu ya Home ya Apple, hizo mbili haziingii moja kwa moja, tunamfungia kengele ya Aqara G4, na lazima awe na Apple TV au spika ya HomePod nyumbani ili aione akiwa nje na irekodi. Nembo ya Matter, kiwango cha kuunganisha vifaa vya chapa tofauti, ukiiona kwenye taa zako isikudanganye. Kiwango hicho kilianza 2022 bila kamera, zikaja kuongezwa kwenye toleo la 1.5 mwishoni mwa 2025, kwa hiyo kengele nyingi zilizoko madukani ni za kabla ya hapo.

Uliza na malipo ya kila mwezi kabla hujatoa hela. Ring bila malipo hayo inakuonyesha aliyeko getini sasa hivi, lakini haikuhifadhii video ya aliyekuja ukiwa ibadani. Zipo za Eufy na Tapo zinazohifadhi nyumbani bila kulipia, na kwa wateja wetu wengi tunaona hizo zinawafaa zaidi. Mwenye NVR (kinasa video cha kamera) na kamera zake tayari, ambaye anataka kengele irekodi humohumo, anahitaji inayotoa ONVIF au RTSP, njia ambazo kinasa hicho hutumia kupokea video ya kamera ya chapa nyingine. Reolink ya waya inatoa. Ring haitoi, na hakuna fundi atakayekulazimishia.

Na kufungua geti kwa simu: watu wanalitaja siku tunakabidhi kazi, wakati ukuta umeshapakwa rangi. Kengele za Ring na Nest hazina waya wa kwenda kwenye kufuli ya umeme wala mota ya geti. Vituo vya nje vya intakomu vya Hikvision na Dahua vinao, na vinakuja na skrini ya ukutani inayoita hata intaneti ikiwa imekatika. Kwa nyumba yenye wazee au dada asiye na simu janja, sisi tunakushauri huko kabla ya kengele yoyote ya Wi-Fi.

Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako, siku hiyohiyo, ukiwa umeshika simu yako mwenyewe. Tumeshaitwa kwenye nyumba ambayo kila kitu kiko kwenye akaunti ya fundi aliyebadilisha namba, na mwenye nyumba hawezi kuona geti lake ilhali mtu asiyempata anaweza. Kamera nayo tunaielekeza kwako, siyo kwenye baraza ya jirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na hata isingekuwepo, jirani ni jirani.

Ukitaka tuanze, tutumie picha tatu kwa WhatsApp: geti kwa nje, ruta mahali ilipo, na nafasi yote kati yake. Boksi la kengele kama umeshanunua, lipige picha upande wenye maandishi ya volti. Kwa picha hizo tu tumeshawaambia watu wasinunue.

Mteja wetu wa Goba tumeelewana naye. Jumamosi tunakwenda kuvuta mita 34 za kebo, vijana wake watachimba mtaro, kengele ya Dubai anamhamishia mama yake Mbagala, ambako mlango uko hatua tano kutoka kwenye ruta. Tayari tumekwenda kupima kule, tukapata -52.